Mawe Saba Nyuma ya Ngome

Magoti yalikwisha kumchubuka, lakini Mama Funguo hakuinuka mpaka jiwe la saba nalo lilipong'aa kwa chokaa. Kesho mgeni rasmi anakuja kuifungua ngome iwe makumbusho, na yeye, mfagizi wake kwa miaka thelathini, hakutaka babu yake aonekane ametupwa.

Ngome yenyewe basi! Vyumba vinne na mnara uliochoka. Wakoloni waliijenga ili kulinda mpaka, na waliijenga kwa migongo ya watu. Babu na wenzake sita walikufa wakipandisha mawe ya ukuta, wakafukiwa hapo nyuma, kila mmoja na jiwe lake kichwani. Bibi ndiye aliyemwonyesha. Mume alikwisha tangulia mbele ya haki, mtoto hakujaliwa, kwa hiyo jioni Mama Funguo huketi pale akawasimulia habari za mchana. Upweke ulimla, wala hakuna wa kumwambia.

Alasiri afisa wa mambo ya kale akaja kukagua.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba," akaitikia yule kijana, bila haya, na mama ni wa kumzaa.

"Kile kibao cha historia, wazee wangu umewaandika?"

"Mama, kapteni wa wakoloni aliyejenga hapa aliacha shajara. Hakuna palipoandikwa kwamba mtu alikufa."

"Angeandikaje, na muuaji ni yeye?"

"Una karatasi?"

"Karatasi ya nini, baba? Makaburi si hayo nyuma!"

Afisa akachungulia nyuma ya ukuta. Hakuona tuta la kaburi, ila mawe meupe yaliyopangika sawasawa, akatabasamu. "Kazi nzuri sana, mama. Umetufikiria."

Loo, alivyofurahi! Hakuna mkubwa aliyewahi kumsifu. Usiku alilala fofofo, akijua wazee wamekwisha kuonekana.

Asubuhi akakuta magari sita nyuma ya ngome. Kumbe katika kila ofisi ya serikali mawe ya chokaa ni alama ya maegesho, na afisa alidhani mama kayapanga kwa ajili hiyo. Imebaki nafasi moja tu, ya mwisho, ya babu yake.

Akamkimbilia afisa. "Baba, pale wamelala watu!"

"Taratibu, mama, wageni wanasikia."

"Yaondoeni magari, nawaomba!"

Afisa akainama sikioni mwake, kwa upole kabisa. "Chumba unacholala ni cha serikali. Au nimesahau?"

Mama Funguo angekwenda wapi?

"Mgeni rasmi huyo anaingia. Dereva wake mgeni hapa, mwelekeze."

Gari refu jeusi likakata kona. Mama akasimama kando ya jiwe, akainua mkono.

"Njoo," akasema. "Njoo, njoo... hapo hapo."

Dereva akazima injini. Gurudumu la mbele lilikuwa kifuani mwa babu.