Mkono Mgongoni mwa Jenerali

Nimetibu ng'ombe miaka nenda miaka rudi, nimezalisha ndama mvua ikininyeshea mgongoni, na sikumbuki mnyama aliyewahi kunitisha. Kwa hiyo kazini waliponipeleka mafunzo ya kutibu ndege wa kufugwa ndani, kasuku na jamaa zake, nilinuna. Daktari mzima, nikahangaike na mgonjwa anayeenea mfukoni.

Mwalimu wetu alikuwa daktari mwembamba mwenye sauti ya chini, asiye na muda wa porojo. Siku ya kwanza alitushika mikono mmoja mmoja, akaigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya.

"Hii ni mikono ya ng'ombe," aliniambia. "Ukimbana ndege kifua utamuua huku unamtazama. Yeye hupumua kwa kuinua kidari. Kidari kisipoinuka, kwisha habari yake."

Jirani yangu mezani, bwana mmoja mtibu nguruwe tuliyembandika jina la Kwato, alisikia hayo akaitia mikono yake mfukoni.

Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta ndege wa kufanyia mazoezi ya kushika na kupima. Mimi sina ndege. Shangazi yangu anaye.

Shangazi ndiye aliyenilea. Alipofiwa na mumewe, mtu alimletea kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ili nyumba isipooze, naye akampa jina la Jenerali, maana, mimi nikiwa bado mtoto wa shule, ndiye mwanamume pekee aliyebaki humo ndani. Wanalala chumba kimoja. Wanakula sahani moja, na kilicho kigumu Shangazi humtafunia kwanza. Jioni humpakata, akampapasa mgongo kuanzia shingoni hadi mkiani, akimwambia, "Nipo, nipo." Nilipomwomba ndege wake alikubali kwa sharti kwamba na yeye aje. Akaja amevaa nguo za kutokea, tundu kalifunika kanga, akachukua kiti cha mbele kama mama wa bwana harusi.

Nilipofunua tundu, Jenerali alikuwa sakafuni, si juu ya kijiti chake. Alikuwa ametanua miguu, na mkia ulipanda na kushuka kwa kila pumzi.

"Amenuna tu tangu jana," Shangazi alisema. "Wanaume wakinuna si unawajua? Hawali, hawasemi."

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka.

"Mfunge taulo, umshike," aliniambia. "Vidole viwili shingoni, mkono wa pili miguuni. Kifua ukiache."

Nikamshika. Mwalimu akapitisha kidole chini ya tumbo, kikasimama. Akakichukua kidole changu akakiweka palepale. Nilikuta kitu kigumu cha mviringo. Mikono hii imepapasa ndama wengi matumboni mwa mama zao, ikajua kabla ya kichwa. Ulimi ndio uliogoma.

"Sema," alisema Mwalimu.

"Yai."

Shangazi alinitazama kama niliyemtukana mbele za watu. "Yai la nani? Mwanangu, Jenerali ni mwanamume."

"Mama, kasuku wa aina hii huwezi kumjua dume au jike kwa macho," Mwalimu alisema. "Huyu ni jike, na yai limemkwama. Linambana pumzi. Lisipotoka atakufa."

Shangazi akaichukua kanga ya tundu, akaanza kuikunja. Na mimi je? Nimekaa nyumba moja na ndege yule tangu nikiwa shuleni, nikasomea wanyama, nikapewa cheti, na siku zote nimekuwa nikimwamkia "Shikamoo, Jenerali." Usilolijua ni usiku wa giza, wanasema, lakini giza langu lilikuwa na cheti ukutani.

Tulimweka kwenye sanduku la joto, akachomwa sindano ya kalsiamu, tukasubiri. Yai halikusogea. Jenerali akafumba macho, kichwa kikaanza kulala upande. Mwalimu akamvutisha dawa ya usingizi, akasema kwamba atalitoboa yai kwa sindano, avute vya ndani kwa sindano hiyo, kisha atoe maganda. Alihitaji mtu wa kumshikilia. Niligeuka kumtafuta mwenye mikono midogo.

"Wewe," aliniambia.

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo, niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nilihesabu kidari kikipanda kama mtu anayeomba. Kipande cha ganda kikatoka, kikafuata kingine, mwisho kikaja cha tatu chenye damu kidogo. Halafu kidari kikatulia. Nikakitazama. Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo, "Mbona hapumui?" Mwalimu akasogeza mrija wa hewa karibu na pua. Kidari kikainuka, kikashuka, kikainuka tena. Kwato alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na mashavu yake.

Jenerali alipoamka, Mwalimu alivuta kiti mbele ya Shangazi.

"Mama, nyumbani unamshikaje?"

Shangazi akamwonyesha hewani, mkono ukishuka taratibu kutoka shingoni hadi mkiani. Akaeleza na habari ya kumtafunia.

"Hivyo ndivyo dume anavyomtongoza jike," Mwalimu alisema kwa upole. "Anamlisha kinywani, anamgusa mgongo. Ndege huyu anajua ameolewa, na mume ni wewe. Ndiyo maana mwili wake umetengeneza yai. Akitaga tena huenda asipone. Mguse kichwani tu. Mgongoni, kamwe."

Hakuna aliyecheka, hata Kwato. Shangazi aliutazama mkono wake, kiganja na nyuma ya kiganja.

"Basi ni mimi," alisema. "Nilikuwa namuua mimi."

Nilitaka kumwambia hapana. Sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimelishika yai.

Mwalimu akamweka Jenerali mapajani mwa Shangazi. Ndege akayumba, akajiweka sawa, kisha akamgeuzia mgongo na kushusha mabawa, kama kila jioni. Mkono wa Shangazi ulianza kuinuka. Akaukamata kwa mkono wa pili, akaikalia yote miwili.

Jenerali alingoja. Mkono haukuja. Akageuza kichwa, akamtazama Shangazi kwa jicho moja, halafu akasema kwa sauti yake Shangazi mwenyewe, taratibu kabisa:

"Nipo, nipo."