Maharage Yafike Mkiani

Niacheni niseme, maana Ombeni ni mtoto wa baba yangu mdogo, na aibu zake zote huwa zinaniangukia mimi.

Shuleni kwetu hapa Tunduma mchana tunakula ugali na maharage, na anayeshika upawa ni kiongozi wa chakula. Foleni inaanzia kidato cha nne, inashuka mpaka cha kwanza. Ombeni alipoanza kidato cha kwanza, na ufupi wake ule, alisimama mkiani kabisa. Akifika kwenye sufuria punje zimeisha, anamiminiwa mchuzi. Jamani, inauma. Ndipo akaapa atagombea yeye huo uongozi, ili maharage yafike mkiani. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mwaka jana walimkata jina kwenye usaili. Kwao ni jirani kabisa na mpaka, na simu ya mama yake ikishika mtandao wa Zambia inarudi nyuma saa nzima. Usaili ni saa mbili asubuhi; bwana mdogo kaangalia simu, kanywa chai taratibu, kajipaka mafuta mpaka magotini, kafika saa tatu. Mwalimu Ambakisye hakumpa hata kiti. Alimwambia mtu asiyejua saa atawalisha wenzake chakula cha mchana jioni. Shule nzima ikamwita Mzambia.

Nilimshauri aombe uongozi wa mazingira, ambako hakuna anayegombea, unakabidhiwa ufagio tu. Akagoma.

Mwaka huu kaja tena. Simu hakuitaka hata kuiona. Alisikiliza saa kwenye redio ya jirani, akafika shuleni mlinzi bado anapiga mswaki. Saa mbili ikagonga, wagombea wote wako kwenye benchi, mwalimu hayupo. Wakangoja weee, hayupo. Watson, mgombea aliyekuwa akigawa biskuti za Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ili apendwe, akatangaza kwamba usaili umeahirishwa, akawabeba wenzake wakacheze mpira. Ombeni akabaki. Nilimwambia aende nyumbani aache ujinga, akanijibu ana kazi.

Saa tatu huyo Mwalimu Ambakisye, anakuja kwa madaha, anauliza wengine wamechelewa wapi.

"Mwalimu, samahani," Ombeni akasema, "simu yako imeshika Zambia."

Mwalimu akaitazama simu, akalitazama jua, akakohoa. Jina la Ombeni likapita palepale. La Watson nalo likapita, maana uchaguzi wa mgombea mmoja ungezua maswali.

Kampeni nikaisimamia mimi. Msidhani ni upendo. Ndugu yangu akishika upawa, mimi wa kidato cha nne sahani yangu itajaa mpaka imwagike. Nikamwandikia sera ya pilau kila Ijumaa. Hakuisoma! Alisimama mbele ya paredi, akasema atahakikisha maharage yanamfikia wa mwisho, basi, akashuka. Watson akaahidi soseji. Kidato cha nne tukamshangilia Watson, na mimi nikiwemo, kwa hasira.

Kumbe shuleni hapa wanaokula mchuzi ni wengi kuliko wanaokula maharage. Ombeni akashinda.

Siku yake ya kwanza nilisimama mbele kabisa, nimebeba bakuli kubwa kuliko yote nyumbani. Ombeni akapanda juu ya kiti, upawa mkononi, akatuambia tugeuke: leo anaanza wa mwisho. Nilimwita kila jina baya ninalolijua. Nikatembea mpaka mkiani na bakuli langu, vitoto vya kidato cha kwanza vinanipita na maharage, vinacheka.

Nilipofika kwenye sufuria niliinama nikachungulia. Punje zilikuwepo. Akanichotea upawa mmoja, kama aliomchotea Watson, hakuongeza hata punje. Nilimkazia macho, akajifanya hanijui. Halafu akajipakulia yeye, na kilichobaki kilikuwa mchuzi mtupu.

"Yamefika, dada," akaniambia, meno yote nje.

Nikamsonya. Nikamwagia nusu ya maharage yangu kwenye sahani yake, tukala tumesimama, na mimi bado nimemnunia.