Mstari Chini ya Mkurugenzi

Miaka minne niliwachunguza wanawake wa kiwanda cha ajvar, rojo la pilipili za kuchoma, hapa Leskovac, Serbia, nijue wanampimaje mkubwa wao: kwa lipi wanamwita mtu wa haki, kwa lipi wanamwona hafai. Nilikuwa na jedwali la vipimo sita, kila mkubwa na mstari wake. Nililipenda kuliko ndugu zangu.

Mwezi wa tisa makala yangu ya kwanza ilichapishwa, chuo kikanipandisha cheo. Niliwapa habari hiyo wakinywa kahawa ya mapumziko. Walinipongeza, wakanibusu mara tatu tatu, kisha wakanitazama. Nami nikawatazama. Nikafungua daftari, nikauliza swali linalofuata.

Tangu siku ile walinifungia midomo. Kila nikiuliza, najibiwa "sijui" au "labda". Bila mahojiano yao ya awamu ya pili, kitabu nilichokuwa nikikiandika kilikuwa kimekufa. Ningemuuliza mtu kulikoni, lakini mimi ni msomi bwana, siulizi ovyo. Niliandika kurasa kumi na moja kuthibitisha kwamba ukimya ule ni mgomo dhidi ya uongozi. Kurasa nzuri sana, nilizisoma mara mbili.

Aliyenihurumia ni Milunka, msimamizi wa meza ya kumenya pilipili.

"Desanka, mwanangu, hebu tusomee kwenye makala yako pale ulipomsema mkurugenzi na gari lake jipya."

Nikafurahi. Nikasoma kwa sauti ya darasani: mkurugenzi alinunua gari, asiwape wafanyakazi hata kipande cha keki, hata glasi ya rakija, pombe ya matunda. Tangu hapo hakuna aliyemwamini. Katika kiwanda hiki, niliandika, mtu akipata heri asiwakaribishe wenzake, huhesabiwa kuwa amewadharau wote.

Nikakomea hapo, kidole juu ya mstari.

"Endelea," akasema Milunka. "Au yeye naye alipandishwa cheo?"

Wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, pamoja na jedwali langu.

Kesho yake nilifika na sinia mbili za keki za baklava na chupa ya rakija ya baba yangu. Nilimkaribisha kila mmoja kwa jina. Walikula bila haraka. Milunka alipomaliza alijifuta vidole, akanisogezea kinasa sauti changu.

"Washa, tuzungumze. Ila kwanza jiandike kwenye jedwali lako."

Nikajiandika, chini ya mkurugenzi.