Nyayo Ndani ya Subira

Gitau wa ofisi ya vitambulisho alikuwa akinywa chai ya maziwa ya ngamia kibandani, karibu na daraja la Garissa, Anab alipomwendea na kumwomba aje aone nyayo za babu zake. Gitau akauliza ziko wapi. Akaambiwa ndani ya Subira. Akamaliza chai, akamfuata.

Subira ni kivuko cha chuma kilichovusha watu na mbuzi Mto Tana kabla ya daraja. Wenyeji wana mzaha wao: subira huvuta heri, ila hii ilivutwa kwa waya. Daraja lilipokuja, kivuko kilisukumwa ukingoni kikaachwa huko. Mafuriko ya juzi yalikiosha tope lote, na tangu hapo, ukisimama hapo ukataja nasaba yako, kila aliyewahi kukipanda huacha nyayo za maji anapotajwa. Hapa mtoto hufundishwa majina ya mababu kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, kwa hiyo mji mzima ulikuwa na wa kutaja. Ijumaa palikuwa na foleni. Watu walitazama, wakatoa salamu, wakarudi sokoni.

Anab hakuja kutoa salamu. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Thika, na chuo kilikuwa kinafungua Jumatatu. Bila kitambulisho asingepita kizuizi cha polisi cha darajani. Ofisi ilishamrudisha nyumbani mara kadhaa: alete ushahidi kwamba baba ya babu yake aliishi Kenya. Mzee huyo alikuwa na ngamia, hakuwa na karatasi.

Bibi yake, Ugbad, alikuwa ametangulia kivukoni.

"Wewe toa fiatu," alimwambia Gitau. Kisha akamgeukia mjukuu, akamwita "bibi" kwa Kisomali, kama bibi wa huko wanavyowaita wajukuu wao. "Taja bolebole, ayeeyo. Usiruke mtu."

Anab akajitaja, akamtaja baba yake, Hirsi. Hapakutokea kitu, maana Hirsi alizaliwa daraja lipo. Akamtaja babu yake Olow, zikaja nyayo mbili ndogo, za mtoto. Akamtaja Alio, baba ya Olow, zikaja nyayo pana kando ya zile ndogo. Unyayo wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

"Fisi," Ugbad akaeleza. "Huyo ni mkwe wangu."

Gitau akachutama, akachovya kidole, akanusa. Yalikuwa maji ya mto, yenye harufu ya mbuzi kidogo.

"Na mimi nikitaja wangu?"

"Jaribu," alisema Ugbad.

Akamtaja baba yake, kisha babu yake. Zikatokea alama za buti, mahali pa kupandia, ncha zimeelekea nyayo za Alio. Chini ya Alio maji yalikuwa yametuama, kwa kuwa alisimamishwa hapo muda mrefu.

"Alikuwa askari wa kukagua vibali vya kuvuka," Gitau akasema. "Alikuwa akitusimulia. Sikujua ni hapa."

"Basi babu yako alimwona baba ya babu yangu," akasema Anab.

"Alimwona. Hilo halina ubishi."

"Si uandike hivyo?"

Gitau alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuwa mtu mbaya. "Dada, nyayo hazitolewi kopi. Niletee kitu cha kutoa kopi."

Anab alitamani kumsukuma mtoni. Ugbad akajibu kwa niaba yake, kwa Kisomali, maneno ambayo Gitau hakuyaelewa na hakuomba afafanuliwe.

Gitau alikisifia kivuko kwa wakubwa wake. Wakubwa wakaja, wakataja mababu zao, wakaridhika. Subira ikapakwa rangi ya samawati, ikatangazwa kuwa urithi wa mji, ikazungushiwa ua wa mabati na kuwekewa mlinzi. Jumatatu ikafika, chuo kikafunguliwa Thika.

Alhamisi Anab alikwenda kuwaona watu wake. Mlinzi, kijana wa bara aitwaye Mutuku, alinyoosha mkono.

"Kitambulisho."

"Sina."

"Basi huwezi kuingia, dada. Hii ni mali ya wananchi."

Anab akaegemea mabati, kwa nje, akaanza kutaja majina kwa sauti. Mutuku akageuka kuchungulia ndani.

"Wamekuja," akamwambia. "Mmoja mkubwa na mtoto."

"Wanafanya nini?"

Mutuku akatazama tena, vizuri zaidi.

"Wamesimama tu."