Udongo wa Misonobari

Raheli alikuwa mtu wa usafi, na usafi ndio uliomponza. Mwaka 1993, Mzee Gaudence, mtunza kitalu cha miche karibu na Mvumi, alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi wa serikali, Raheli ndiye aliyeachiwa funguo. Stooni akakuta magunia ya udongo mweusi uliojaa nyuzi nyeupe. Ukungu huu, akasema moyoni. Tena huku kwetu hakuna anayepanda kitu bila kuwaza mchwa kwanza. Basi akaukaanga udongo wote juu ya pipa lililopasuliwa mpaka ukafuka moshi, ndipo akajaza viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, na kusia mbegu za misonobari.

Miche hiyo haikuwa ya urembo. Mlima wa juu ya kijiji ulibaki kipara, na kila mvua korongo lake lilimega shamba la Jenifa, mjane mwenye watoto watano. Kama miche isingepandwa Desemba, shamba lile lisingemaliza mvua nyingine mbili.

Oktoba ilipofika, miche ilikuwa na kimo cha kidole, ya njano, imegoma kabisa. Raheli aliweka mbolea, akaongeza kivuli. Wapi! Akabeba kiriba kimoja hadi Ipagala alikohamia mzee, akamwamkia, akamkabidhi. Mzee akakichana, akaitazama mizizi.

"Zile nyuzi nyeupe umezipeleka wapi?"

Raheli akakiri. Mzee akamweleza bila ukali, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba zile nyuzi ni uyoga kabla haujachomoza. Huuzunguka mzizi na kuuchotea maji na chakula kule usikofika wenyewe. Mti nao huulisha sukari iliyopikwa na majani. Mmoja akimkosa mwenzake, wote wanadumaa. Udongo ule mzee aliuchota chini ya misonobari mikongwe nyuma ya ghala la kijiji, ya pekee upande ule, akatia konzi moja kila kiriba. Hakumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

"Kachote pale pale, mwanangu. Hujachelewa."

Raheli alirudi mbio. Ghala lilikuwa limeuzwa kwa mfanyabiashara. Misonobari imekatwa, visiki vimeng'olewa, na udongo wenyewe umefyatuliwa matofali. Matanuru mawili yalikuwa yanafuka. Akawauliza mafundi kama kuna udongo wowote uliosalia, wakamwonyesha matofali. Akachimba pembeni kwa mikono, akapata mchanga mtupu. Akakaa chini akalia, mtu mzima, mbele ya wanaume asiowajua.

Asubuhi Jenifa alikuja kitaluni na ndoo kichwani kama kila siku. Kisima kilikuwa mwendo wa saa nzima. Akauliza mzee kasemaje.

"Kasema miche imekosa udongo wake," Raheli akajibu.

"Basi tuulete."

Raheli akageuza uso kuelekea kule matanuru yalikokuwa yanafuka. Jenifa akainama akaanza kumwagilia kiriba kimoja kimoja, akianzia na vile ambavyo miche yake ilikwisha kufa.