Nafasi Moja, Watu Wawili

Nereida Quiroga alikuwa amechoka kuulizwa Kihispania chake ni cha wapi. San Antonio, alikozaliwa, hakuna aliyewahi kumuuliza. Kilikuwa cha upande wa magharibi wa mji, cha akina mama wanaoteta kwenye foleni ya mikate Jumapili. Kwa lugha hiyo alitunga matangazo ya redio na televisheni miaka na miaka, ya sabuni, ya bia, ya magari, mpaka kampuni yao ilipomezwa na kampuni kubwa ya New York na wote wakaambiwa ahsanteni, kwaherini.

Tangu hapo akawa mtu wa kubisha hodi. Kampuni ya Dallas ilisema Kihispania chake kina Umeksiko mno, wao wanataka Kihispania kisicho na kwao. Ya Miami ilisema uzoefu wake umezidi nafasi yenyewe, na yeye akaelewa kuwa kilichozidi ni umri. Wengine walimpenda, wakacheka naye kwenye simu mpaka machozi yakawatoka, kisha wakanyamaza kama maji ya mtungini.

"Shangazi yako Brígida anatafuta mtu wa dukani," mama yake, Doña Hortensia, alimwambia asubuhi ile akimwekea mayai na maharage.

"Mama, mimi siuzi magauni ya harusi."

"Nani kasema uyauze? Utayatungia maneno. Haya kula, usije ukaanguka mbele za watu."

Alikula nusu, akaenda.

Kampuni ya matangazo iliyomwita kwenye usaili siku hiyo ilikuwa palepale San Antonio, katika jengo la zamani barabara ya Broadway, imepakwa rangi kali kama duka la peremende. Nereida aliingia chumba cha kusubiri akamkuta Evaristo Lozano amekaa, kofia magotini.

Evaristo alikuwa mchoraji wake katika ile kampuni iliyomezwa. Meza zao zilitazamana. Yeye akitunga maneno, Evaristo akichora. Wenzao waliwaita mke na mume wa mchana. Tangu siku ya kufukuzwa hawakuwa wameonana.

"Usiniambie," alisema Nereida.

"Nakwambia."

"Nafasi si moja?"

"Moja. Mtu mmoja wa kuandika na kuchora. Zamani tulikuwa wawili na bado tunachelewa, sasa wanataka mmoja awahi." Evaristo alicheka, lakini macho hayakucheka. "Kaa bwana, usinisimamie kama polisi."

Alikaa, akamuuliza habari za mkewe, Amparo. Evaristo aligeuzageuza kofia. Figo za Amparo zilikuwa zimekufa kwa sukari. Siku hizi alikwenda hospitali kusafishwa damu, na bima ya matibabu ya kazi ya zamani ilikuwa inakatika.

"Sasa hata akiwa pale kwenye mashine, simu haikomi," alisema. "Watoto wanampigia: mama, chumvi iko wapi? Mama, pasi umeiweka wapi? Miaka yote nyumba nzima inamuuliza yeye. Hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe yukoje. Mimi nikiwemo."

Nereida alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka walipoitwa.

Bosi alikuwa mwanamke kijana aitwaye Yadira Montemayor, mwenye sauti ya haraka na uso wa mtu asiyelala vizuri. Aliwaeleza kazi ya majaribio: kliniki za mji zilitaka tangazo la kuwahimiza akina mama wa Kilatino kupima sukari. Kila mmoja angepewa chumba na kompyuta mpaka saa ya chakula cha mchana.

"Asiyejua kuchora, kompyuta itamchorea. Asiyejua kuandika, itamwandikia," alisema. "Mteja angependa bibi mzee jikoni."

Kwa miaka yote Nereida alikuwa amewaweka mabibi jikoni: bibi na supu, bibi na sabuni, bibi na bima ya mazishi. Aliiamuru kompyuta imchoree mwingine, ikamletea bikizee mwenye vidole sita anayetabasamu kama mgombea ubunge. Akainamisha kichwa juu ya meza. Kama kungekuwa na kitanda mle ndani angelala.

Mlango ukafunguliwa taratibu. Ni Evaristo.

"Yangu imeandika, 'Afya yako, fahari ya familia yetu,'" alinong'ona. "Nisaidie, Nere. Nitakufa kwa aibu."

Alikuwa ameshika mchoro wa kalamu. Kwenye mchoro, Amparo alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, viatu mkononi, anatazama mlangoni kana kwamba kuna mtu amemwita tena. Nereida aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaandika chini yake, bila kufuta hata neno:

*Nyumba nzima inakuuliza chumvi iko wapi. Nani amekuuliza sukari yako imefika wapi?*

Evaristo alisoma, akavuta pumzi, akageukia ukutani.

Walipeleka karatasi hiyo moja. Yadira aliisoma, akaisoma tena.

"Nani kaandika?"

Evaristo angeweza kusema tumeandika wote. Nereida alimwombea moyoni aseme hivyo.

"Yeye," alisema Evaristo. "Mimi nimechora tu."

"Maneno ni ya nyumbani kwake," Nereida alidakia. "Ni mkewe huyo. Mchukue yeye, ana mgonjwa."

Yadira alijisugua macho. "Señora, picha kompyuta itanifanyia. Si nzuri hivi, najua, lakini wateja wameshaizoea. Maneno kama haya haijaweza. Ukikataa nafasi haiendi kwake, namwita mtu wa Houston."

"Chukua, mjinga wewe," Evaristo alimwambia.

Akaichukua. Kitu pekee alichokipigania ni mchoro usibadilishwe na Evaristo alipwe, na Yadira akakubali kwa mara hiyo moja.

Nje, kwenye gari la Evaristo, walikula taco, chapati za mahindi zilizokunjia nyama ya kichwa cha ng'ombe. Nereida alijaribu kuomba radhi, Evaristo akamkatiza.

"Ulitaka niibe? Nirudi kwa Amparo nimwambie nimepata kazi kwa maneno ya Nere? Angenipiga na sufuria."

"Sasa utafanya nini?"

"Mtaani kuna kuta. Maduka ya matairi bado yanataka mtu mwenye brashi." Alijifuta mdomo. "Bima ndiyo sijui."

Nereida alianza kazi Jumatatu, na kufikia Jumatano alikuwa ameshaombwa mabibi wawili wa jikoni.

Tangazo lilipotoka, lilibandikwa kwenye vituo vya basi upande wa magharibi. Nereida alikwenda kumtazama Amparo hospitali, akamkuta amefunikwa blanketi, mirija mkononi, amekonda.

"Nimejiona kituoni," alisema Amparo. "Yule mume wangu kanipa kidevu cha pili."

"Kiko, Amparo."

"Kilikuwepo zamani." Alifumba macho. "Dada mmoja pale kituoni alisoma, akamgeukia mwenzake akamuuliza, na wewe umepima? Yule mwenzake akasema hana nafasi."

Alisinzia. Nereida alivuta kiti, akavua viatu, akakaa naye. Ofisini walikuwa wakimpigia simu, aliiacha iite.