Disketi ya Ng'ambo

Tangu biashara huria ilete kompyuta za mtumba Mwanza na Ooko akanunua yake, alikuwa hashauriki. Nyumbani kwake Mirongo alichapa historia ya ukoo wao, akainakili kwenye disketi mbili, kisha akazifungia disketi zote kwenye kabati lilelile lenye kompyuta. Kabati lina kufuli, alisema, akajiona kamaliza.

"Moja tumpelekee mama yangu kule Sengerema," alishauri mkewe, Akumu.

"Kazi ya msomi ikalale kwa mwanika dagaa?" Ooko alicheka hadi akapaliwa.

Kumshauri Ooko ni kumpigia mbuzi gitaa. Usiku Akumu alichukua ufunguo wa kabati, akatoa disketi moja, kesho yake akapanda kivuko, na huko ng'ambo akamsimulia mama yake kila neno.

Wezi walipokuja hawakuhangaika na kufuli. Walibeba kabati zima. Ooko akalia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa, na Akumu akamwacha alie mpaka ashibe, ndipo akamwambia disketi moja iliko.

Kesho yake walivuka. Ooko alisimama uani kwa mama mkwe, adabu imemjia ghafla.

"Shikamoo, mama. Nimefuata disketi yangu."

"Marahaba, msomi." Mama aliendelea kugeuza dagaa wake. "Iko chumbani kwangu, chini ya godoro. Ingia ukaichukue."

Mkwe hatii mguu chumbani kwa mama mkwe. Hata mlevi analijua hilo. Ooko akamgeukia mkewe ili amwingilie yeye.

Akumu alikuwa ameshainama, anaanika dagaa.